Moshi wa ami: kapasita, kompyuta ya BBC na mkanda wa taarab

Waliosikiliza kipindi kilichopita wanakumbuka niliitaja kompyuta ya ami yangu, ile iliyotoa moshi sebuleni, halafu tukacheka na kuendelea na mada nyengine. Wengi mmeuliza: ikawaje? Basi leo nawaeleza yote. Ila nitapita njia ndefu kidogo, kwa sababu ule moshi una historia ya karibu miaka 280, na sehemu kubwa ya historia hiyo mimi mwenyewe nimeijua mwaka huu tu.

Kwanza kisa chenyewe. Ni mwaka 2001, hapa Milton Keynes. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, kwa hiyo haya nimehadithiwa. Ami alikuwa mtunza jengo kwenye shule moja ya huku. Mwanzoni mwa miaka ya 90 ile shule ilikuwa inatupa kompyuta zake za zamani, yeye akaomba moja akapewa. Hakuwa amesomea kompyuta hata siku moja. Alichukua kile kitabu kinene kilichokuja nayo, akakaa nacho usiku baada ya kazi, kamusi ya Kiingereza pembeni, mpaka akajua kuandika programu.

Na aliandika programu ya nini? Ya kuwafundisha wanawe Kiswahili. Aliona watoto wanarudi shule wanajibu kwa Kiingereza tu, akaona dawa ni hiyo hiyo mashine wanayoipenda. Kompyuta inauliza neno, mtoto anajibu wingi wake.

Jioni moja watoto wamekaa mbele ya skrini, ikasikika "pah!", kama bisi inapopasuka. Moshi mzito ukatoka nyuma ya mashine, na harufu ambayo mke wa ami anasema ilikaa kwenye mapazia wiki nzima. Akachomoa plagi, akafungua madirisha yote, akasema maneno ambayo siyaandiki hapa. Kompyuta ikapandishwa darini. Ami akaamini kwamba ameiunguza yeye, kwa kuwa aliiacha inawaka tangu asubuhi. Masomo yakaisha siku ile. Kwa miaka mingi, kila mtoto wake akikosea neno kwenye simu na bibi wa Unguja, ami alikuwa akisema, "Kiswahili chenu kiliungua pamoja na ile kompyuta." Sisi tunacheka. Yeye, nikimwangalia vizuri, alikuwa hacheki sana.

Kompyuta ya nchi nzima

Hiyo mashine inaitwa BBC Micro. Ndiyo, BBC ile ile ambayo wazee wetu waliisikiliza redioni. Idhaa yake ya Kiswahili ilianza Juni 1957, na ami anasema huko nyumbani saa ya taarifa ya habari ilikuwa haina mjadala: watoto kimya.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 Waingereza waliingiwa na wasiwasi kwamba kompyuta zinakuja na watu wao hawazijui. BBC ikaanzisha mradi wa kuwafundisha wananchi, ukiwa na vipindi vya televisheni, vitabu, na kompyuta yake maalumu ya kufuatishia yale yanayofundishwa. Kazi ya kuitengeneza ikapewa kampuni ndogo ya Cambridge, Acorn. Wahandisi wake walikuwa vijana wadogo. Steve Furber na Sophie Wilson ndio majina yanayokumbukwa zaidi, na Wilson ndiye aliyeandika lugha yake ya programu, BBC BASIC. Mashine ikatoka mwishoni mwa 1981, na vipindi vikaanza kuonyeshwa Januari 1982.

Kulikuwa na aina mbili. Model A ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, na Model B kilobaiti 32. Picha moja tu ya simu yako leo isingeingia humo. Bei haikuwa ya mchezo: Model B ilitangazwa kwa pauni 335, kisha ikapanda mpaka 399. Ndiyo maana majumbani wengi walinunua za bei ndogo, kama Sinclair Spectrum. Lakini mashuleni serikali ilichangia gharama, na ikawa shule nyingi za Uingereza zina BBC Micro. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Na wale wale Furber na Wilson, kampuni ile ile, ndio waliochora prosesa ya kwanza ya ARM, iliyowashwa mara ya kwanza Aprili 1985. Kama unasoma haya kwenye simu, karibu hakika unasomea mjukuu wa kazi yao.

Kwa hiyo ami alipookota mashine ya kutupwa, aliokota kipande cha historia ya nchi hii. Hakuna aliyemwambia hivyo.

Chupa iliyopiga watu

Sasa tuje kwenye moshi. Mkosaji ni kitu kidogo kama tofi, kinaitwa kapasita. Kazi yake ni kupokea chaji ya umeme, kuikaa nayo, na kuitoa. Fikiria tangi la maji juu ya paa la nyumba: maji ya bomba yanakuja na kukatika, lakini wewe ukifungua koki chini unapata maji bila wasiwasi.

Kapasita ya kwanza ilikuwa chupa. Mwaka 1745 Mjerumani Ewald Georg von Kleist, na muda mfupi baadaye Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, Uholanzi, kila mmoja kwa upande wake, waligundua kwamba chupa yenye maji na waya inaweza kuhifadhi umeme wa msuguano. Waligunduaje? Kwa kupigwa. Uliishika chupa mkono mmoja, ukaugusa waya kwa mkono wa pili, na umeme wote ukapita mwilini mwako kwa mpigo. Kifaa kikaitwa chupa ya Leiden, na Ulaya nzima watu wakawa wanajipiga kwa starehe.

Siri yake ni rahisi: vitu viwili vinavyopitisha umeme, na katikati kitu kisichopitisha. Kwenye chupa, kioo ndicho kilikuwa katikati. Baadaye watu wakaweka karatasi na utando wa chuma, wakazikunja kama mkeka, na chupa nzima ikageuka kitu cha kuingia kiganjani. Ukubwa wa kapasita tunaupima kwa faradi, kwa jina la Michael Faraday, Mwingereza aliyeanza maisha kama mwanafunzi wa kujalidi vitabu na kujisomesha mwenyewe vile vitabu alivyokuwa akivijalidi. Nilipomsimulia ami habari za Faraday, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe tupo wengi."

Kwa nini ilitoa moshi

Umeme wa ukutani hapa Uingereza enzi zile ulikuwa volti 240, unageuka mwelekeo mara kwa mara. Vijidude vya ndani ya kompyuta vinataka volti 5 tu, tulivu, za mwelekeo mmoja. Katikati anakaa mkalimani anayeitwa pawa saplai.

Pawa saplai za kizamani zilikuwa na transfoma kubwa nzito, na zilipata joto jingi. BBC Micro za mwanzo kabisa zilikuwa nazo, zikasumbua kwa joto, zikabadilishwa. Zilizofuata zilitumia mbinu mpya zaidi, ambayo Apple II ya 1977 tayari ilikuwa nayo: umeme wa ukutani unageuzwa kuwa wa mwelekeo mmoja, zaidi ya volti 320, kisha swichi ya transista inaukatakata kwa kasi mno, maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo transfoma ndogo tu inatosha kuushusha.

Ubaya wa mbinu hiyo ni kelele. Kule kukatakata kunatoa mawimbi yanayorudi kwenye nyaya za nyumba, na jirani akiwasha redio anasikia mikwaruzo. Kwa hiyo mafundi huweka kapasita ya kuchuja pale umeme unapoingilia, ikiungana na waya zote mbili za ukutani. Umeuona mzunguko? Ndani ya kompyuta ya BBC palikuwa na kapasita ambayo kazi yake ilikuwa kulinda redio zisiingiliwe, pamoja na ile ya mzee aliyekuwa akitafuta Idhaa ya Kiswahili usiku.

Miaka ile kapasita nyingi za kuchuja zilikuwa za karatasi yenye utando wa chuma, zimefungwa ndani ya gundi ngumu ya rangi ya kaharabu. Zilikuwa nzuri kwa zama zake. Pakitokea tundu dogo kwenye karatasi, chuma cha pale pale kinayeyuka na kupeperuka, na jeraha linajifunga lenyewe. Lakini ile gundi ikizeeka hupasuka nyufa nyembamba kama za chungu. Unyevu wa hewa unapenya, karatasi inaunywa. Halafu siku moja, baada ya miaka 15 au 20 au 40, unaiwasha kama kawaida: unyevu unapitisha umeme, joto linapanda, na "pah!" Kuiacha mashine darini hakuiponyi. Darini ndiko kwenye unyevu.

Na hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Kapasita hii haiko njiani. Umeme wa kompyuta haupiti ndani yake. Iko pembeni, kama bawabu aliyesimama mlangoni. Na kapasita za daraja hili zimeundwa ili zikifa zisimpige mtu shoti. Bawabu akianguka, mlango haufungiki. Mara nyingi kompyuta inaendelea kuwaka huku inatoa moshi! Kwa maneno mengine, upo uwezekano mkubwa kwamba mwaka 2001 kompyuta ya ami haikufa kabisa. Ilikohoa tu, tukaizika.

Na kuiacha inawaka mchana kutwa hakukuwa kosa la ami. Gundi ilikuwa inapasuka kidogo kidogo tangu zamani. Ingekuwa siku ile au siku nyengine.

Kuifungua

Mimi nimesomea umeme, na niliposhika habari hii nilikwenda kwa ami Jumamosi moja. Nikamwamkia, nikamwambia, "Ami, nataka kuiona ile kompyuta."

"Ya nini, mwanangu? Nimeshaiua ile."

"Sidhani kama umeiua."

Hakujibu. Alikwenda akaleta ngazi.

Kabla sijaendelea, nisikilizeni vizuri. Pawa saplai ya namna hii inaua mtu. Ndani yake kuna kapasita nyengine kubwa, ile inayoshika zile volti 320 na zaidi, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Ni ile ile chupa ya Leiden, ila hii haikupigi kwa starehe. Kama hujasomea, usifungue, mpelekee fundi anayejua. Mimi niliichomoa, nikaiacha, nikafungua, kisha nikapima kwa mita na kuhakikisha imeshuka karibu na sifuri ndipo nikatia mkono.

Kifuniko cha BBC Micro kinashikwa na skrubu chache, na pembeni yake pameandikwa FIX kwa herufi kubwa. Pawa saplai ni boksi la chuma upande wa kushoto. Nilipolifungua, harufu ya mwaka 2001 ilikuwa bado imo. Mke wa ami alikuwa jikoni, akaita, "Hiyo hiyo! Ndiyo hiyo!"

Kapasita yenyewe ilikuwa imepasuka ubavuni, na masizi ya kahawia yamerukia ukuta wa boksi. Kulikuwa na ndugu yake mdogo karibu, mzima bado, lakini mwili mzima una nyufa. Nikawatoa wote wawili. Nikaweka za kisasa, za plastiki badala ya karatasi, zenye daraja lile lile la usalama la X2 na zilizoandikwa volti 275. Gharama yake haifiki ya kikombe cha kahawa mjini. Fyuzi ilikuwa nzima.

Nikaangalia pia zile kapasita za mkebe wa alumini. Hizo zina ugonjwa mwengine: ndani yake mna majimaji, na miaka ikipita yanakauka. Ikikauka, umeme unakuwa na mawimbi, picha inatetemeka, au mashine inagoma kuwaka. Joto ndilo adui yake. Mafundi wana kanuni yao kwamba ukipunguza nyuzi 10 za joto, umri wake unakaribia kuwa mara mbili. Kama mnakumbuka, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi duniani zilikufa kwa kapasita zilizovimba vichwa, kwa sababu majimaji yake yalichanganywa vibaya kiwandani. Za ami hazikuvimba, ila moja ilikuwa imeshuka uwezo sana nilipoipima, nikaibadilisha.

Wakati wote huo ami alishika tochi. Mkono wake siku hizi unatetemeka, kwa hiyo mwanga ulikuwa unacheza juu ya bodi. Sikumwambia kitu. Nililehemu hivyo hivyo.

Sikuiunga moja kwa moja na kompyuta. Kwanza niliipa pawa saplai mzigo mdogo wa majaribio, nikapima: volti 5 na kidogo, haitikisiki. Ndipo nikarudisha zile nyaya nyekundu, nyeusi na ile ya zambarau. Nikamwambia ami, "Washa wewe."

"Mimi tena?"

"Wewe."

BBC Micro nzima ina sauti yake: mlio mzito mrefu, kisha mlio mwembamba mfupi. Ikikwama kwenye ule mzito, kuna tatizo. Ami alibonyeza swichi. Mlio mzito ukaja. Nahesabu moyoni. Kisha: pi! Na kwenye skrini: BBC Computer 32K.

Mke wa ami alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Akasema, "Muda wote huo?" Ami akasema, "Muda wote huo." Hawakuongeza neno.

Mkanda

Programu yake ya Kiswahili haikuwa kwenye diski. BBC Micro iliweza kuhifadhi kazi kwenye kaseti ya kawaida ya redio, programu ikigeuzwa milio. Ami hakuwa na pesa za kaseti mpya, kwa hiyo upande A ni taarab, na upande B ni programu. Kaseti ilikuwa kabatini, na wanawe walishawahi kuisikiliza kwa makosa, wakadhani imeharibika.

Tulijaribu mara ya kwanza, kompyuta ikaandika "Data?", maana yake imesoma vibaya. Mara ya pili vile vile. Nikasafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, nikapunguza sauti kidogo. Mara ya tatu ikahesabu vipande mpaka mwisho.

Ami akanipa kiti. Skrini ikauliza: UKUTA. WINGI?

Wallahi nilijiamini. Nikaandika MAUKUTA.

Ikajibu: SIVYO. MUULIZE BABA.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mdogo wake ami, na hayupo tena wa kuulizwa. Nilibaki naitazama ile skrini. Ami akaweka mkono begani mwangu, akasema taratibu, "Kuta, mwanangu. Ukuta, kuta."

Sasa kila Jumamosi tunakutana, mimi na wanawe watu wazima na watoto wao, tunajaribu maneno 10 kila mmoja. Mtoto wa miaka sita anatushinda sote. Ile programu nimeshainakili kwenye kompyuta ya kisasa, kwa sababu mkanda nao unazeeka kama gundi.

Kama unataka kuigusa mashine ya namna hii, Jumba la Taifa la Makumbusho ya Kompyuta liko hapa kwetu Bletchley Park, na wana darasa zima la BBC Micro ambalo wageni wanaruhusiwa kuzitumia. Lakini kabla ya kwenda huko, panda darini kwenu. Muulize mzee wako lile boksi lina nini, na kwa nini lilipelekwa kule. Usiichomeke plagi, tafadhali! Uliza tu kwanza. Halafu tuandikieni, tutasoma majibu yenu kwenye kipindi kijacho.